Naomba ushauri: salamu za mkono kazini, Sweden

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Göteborg. Wanaume nisio maharimu wao (yaani wasio ndugu wa karibu ambao dini hairuhusu nioane nao) siwapi mkono. Ili nisionekane nabagua, wote nawasalimia sawa, wake kwa waume: mkono kifuani, tabasamu, na karibu ya kutoka moyoni. Wenzangu walishazoea.

Juzi mtoto wa kiume wa mzee mmoja alininyooshea mkono, nikaweka wangu kifuani. Wake ukabaki hewani, kisha akauingiza kwenye mfuko wa koti. Akaenda kumwambia meneja eti namdharau. Meneja, ambaye ni mgeni hapa kazini, akaniuliza: "Mbona baba yake unamwogesha?" Nikamjibu kuogesha mgonjwa ni dharura, tena navaa glavu. Hakuridhika. Anaona huku kupeana mkono ndiyo heshima, na asiyetoa hawakubali wenyeji. (Wakati wa korona hakuna aliyelalamika!)

Najua mwaka 2018 Mahakama ya Kazi ya hapa ilimpa ushindi Mwislamu aliyekatiziwa usaili wa kazi kwa sababu kama hii, akalipwa fidia ya kronor 40,000. Lakini mimi sitaki kesi, nataka kazi na masikilizano.

Mnaofanya kazi Sweden: nianze na meneja kwa maandishi, au niende kwanza chama cha wafanyakazi? Na zile familia, mnawaelezaje mapema bila kuonekana mnahubiri?

Natanguliza shukrani.