Naomba ushauri: dripu ya mafuta na macho ya manjano

Habari zenu ndugu. Niko Kampala, namuuguza mpwa wangu wa wiki saba aliyezaliwa utumbo ukiwa nje. Alipasuliwa, ila bado hawezi kunyonya, hivyo analishwa kwa mshipa, pamoja na ile dripu ya mafuta, nyeupe kama maziwa. Sasa macho yamekuwa ya manjano. Daktari anasema nyongo haipiti vizuri.

Nimesoma kwamba mafuta ya soya, ambayo ndiyo yaliyomo kwenye dripu hiyo, yana steroli za mimea (vitu vinavyofanana na kolesteroli), hasa aina iitwayo sitosteroli. Ukizila, utumbo hupitisha chini ya asilimia 5. Kwa mshipa zinaingia zote, na ini changa linalemewa. Mafuta ya samaki karibu hayana kabisa. Marekani iliidhinisha Omegaven, dripu ya mafuta ya samaki, mwaka 2018 kwa watoto wenye tatizo hilihili.

Wodini kwetu ni soya tu. Je, nimwombe daktari ashushe kipimo cha mafuta hadi gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, au mtoto atakonda? Kuna aliyepata ya samaki hapa Uganda, au aliyeagiza kutoka Nairobi? Bei najua itauma, nitajieni tu. Na matone ya maziwa ya mama kwa mrija, yanasaidia nyongo?