Ushuru wa maegesho Mbeya: unaweza kupunguza msongamano, au ni mapato tu?

Mkazi wa Sokomatola
Ndugu zangu, ushuru wa maegesho tunalipa, lakini ukifika Mwanjelwa saa nne asubuhi hupati pa kuegesha, na magari yanayozunguka soko kutafuta nafasi yanazikwamisha bajaji na daladala. Je, tozo hii inaweza kweli kupunguza foleni?

Mwenye duka, Mwanjelwa
Inaweza, ila si ikiwa bei ni ileile kila mahali na kila saa. Nafasi za mbele ya maduka hatuwaachii wateja. Tunazikalia sisi wenyewe tangu asubuhi hadi tunapofunga, kwa kuwa aliyekwisha kulipia siku nzima hana sababu ya kuondoka mapema. Wenzangu wataudhika, lakini tozo ya siku nzima iondolewe mitaa ya sokoni na ibaki ya saa, inayopanda kadiri gari linavyokaa.

Mpangamiji
Nakuunga mkono, kaka. Marehemu Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alishauri itozwe bei ya chini kabisa inayoweza kuacha nafasi moja au mbili wazi katika kila mtaa. San Francisco ilianza kulijaribu wazo hilo mwaka 2011: bei ilipanda palipojaa na kushuka palipobaki patupu, lengo likiwa nafasi zijae kwa asilimia 60 hadi 80. Wao walitumia vihisi, yaani vifaa vilivyofukiwa barabarani kutambua kama nafasi ina gari, ila kwetu wakusanyaji wanaopita wakiandika namba za magari wanaweza kutupatia hesabu hiyohiyo, mradi mtu aipange kwa mtaa na kwa saa.

Dereva wa pikapu, Uyole
Msitusahau tunaoshusha viazi na ndizi. Tusipotengewa sehemu ya kushushia mizigo alfajiri, tutasimama katikati ya barabara hata bei ikiwa kubwa namna gani.

Mkazi wa Sokomatola
Hoja ya dereva ni ya haki. Na fedha ziende wapi?

Mpangamiji
Zirudi mtaani zilikotoka. Wafanyabiashara wa Old Pasadena, California, walizipinga mita za maegesho (mashine za kulipia maegesho) hadi walipohakikishiwa kwamba mapato yatatumika kwenye mitaa yao. Mita hizo zilipowekwa mwaka 1993, fedha zilitengeneza njia za waenda kwa miguu na taa, na kulipia usafi.

Mwenye duka, Mwanjelwa
Kwa sharti hilo nitalipa bila kunung'unika, na ningeomba waanze na mitaro, kabla mvua za Novemba hazijaanza.