Karakana za avioniki mnatuuzia mihuri: ndege yetu "imepimwa" huku enkoda imechomolewa na mrija umezibwa kizibo chekundu

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la magari, maana ndugu zangu wa huko watanishauri nibadilishe plagi.

Nina hasira na nitaandika kwa hasira. Afrika Mashariki hii kuna karakana za avioniki (vifaa vya kielektroniki vya ndege) ambazo hazipimi ndege, zinauza mihuri. Unapeleka ndege, inalala hangani, unarudishiwa ikiwa na stika mpya na sahihi za kupendeza, unalipa kwa dola, na nyuma ya dashibodi hakuna aliyefanya alichosaini. Jina la karakana sitaji kwa sababu malalamiko yangu ya maandishi yapo kwa wahusika na nimeshauriwa nisiwape la kunishtaki nalo. Itoshe kwamba iko ng'ambo ya Namanga, ina wateja wengi, na ofisi yao ya kupokelea pesa ni safi kuliko hanga lao.

Kwa wasiofuatilia mambo ya anga nieleze kidogo, la sivyo hamtaona uzito wa walichofanya.

Ubavuni mwa Cessna 206 kama yetu kuna vitundu vidogo sana. Mgandamizo wa hewa ya nje unapita hapo, unafuata mrija hadi kwenye altimita, na rubani anajua yuko futi ngapi. Huo ndio mfumo wa statiki. Mrija huohuo una tawi linaloenda kwenye enkoda, kidude kidogo kilichojificha nyuma ya dashibodi. Enkoda inageuza ule mgandamizo kuwa namba na kuipa transponda. Rada ya chini inauliza kwa megahezi 1030, transponda inajibu kwa megahezi 1090, na mwongoza ndege anausoma mwinuko wako kwenye skrini yake. Ndege kubwa zenye TCAS (mtambo wa kuzuia ndege kugongana) nazo zinaisoma namba hiyohiyo, na ndiyo inayotumika kumwambia rubani wa kule apande au ashuke ili asikugonge.

Kwa hiyo altimita inanisemesha mimi, enkoda inawasemesha wengine wote walioko angani. Shikeni hapo.

Altimita yetu ilikuwa inahitaji ukarabati. Tukaona tumalize kila kitu kwa pamoja: altimita, mfumo wa statiki, enkoda, transponda na ELT (kitoa ishara cha dharura). Karatasi za karakana zimeandikwa kwamba wanafuata kanuni za Marekani, ambazo zinataka altimita na statiki za ndege inayoruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje) zipimwe kila miezi 24, transponda nayo miezi 24, ELT kila miezi 12. Vizuri. Ndege ikatoka na stika inayosema enkoda imelinganishwa na altimita hadi futi 20,000. Ankara ina mstari wake kabisa wa kazi hiyo, na saa za fundi.

Nikiwa futi 10,500 narudi Arusha, mwongoza ndege wa Kilimanjaro ananiambia nihakiki mwinuko, yeye anasoma 10,800. Nikahakiki, altimita inasema 10,500 na kipimo cha hewa nilichoweka ni alichonipa yeye mwenyewe. Akauliza tena. Nikatazama kioo cha transponda, ambacho kwa aina yetu kinaonyesha namba inayotangazwa, nikaona kweli iko juu. Nikafungua kidirisha cha pembeni.

Namba ikacheza.

Ndege haijapanda, haijashuka, sindano ya altimita haijatikisika, lakini "mwinuko" unaotangazwa kwa dunia nzima umebadilika kwa sababu nimefungua dirisha! Mafundi mnaosoma hapa mmeshaelewa. Enkoda ilikuwa inanusa hewa ya kabini. Ndege ikiwa mwendoni, upepo unaopita nje huinyonya hewa ya ndani, mgandamizo unashuka kidogo, enkoda inaamini iko juu kuliko ilipo. Ukiwa umeegesha chini huoni tofauti yoyote, ndiyo maana hata ukaguzi wangu kabla ya kuruka haukuona kitu.

Arusha tukamwita mzee mmoja fundi mstaafu. Akaingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi, akakaa humo, akatoka na simu yake na kunionyesha picha bila kusema neno. Tawi la mrija lililopaswa kuingia kwenye enkoda limezibwa kizibo cha plastiki chekundu, vile vya kuzuia vumbi wakati wa kazi. Tundu la enkoda liko wazi, linapunga hewa. Walichomoa mrija ili washughulikie altimita, wakauziba, wakafunga dashibodi, wakapiga stika.

Sasa sikilizeni kwa nini nasema hawakupima, na kwa nini sikubali neno "walisahau". Kulinganisha enkoda na altimita kunafanywa hivi: unaunganisha sanduku la kupimia kwenye vitundu vya nje, unavuta hewa, altimita inapanda, elfu moja, elfu mbili, na kuendelea, na kwa kila hatua unasoma transponda inatangaza nini. Tofauti inayoruhusiwa ni futi 125. Kwa ndege yetu ilivyokuwa, altimita ingepanda hadi 20,000 na enkoda ingebaki palepale kwenye mwinuko wa uwanja, maana haikuunganishwa na chochote. Tofauti ingekuwa maelfu ya futi. Mtoto wa darasa la tatu angeona. Hakuna namna yoyote, narudia, hakuna, ambayo mtu alifanya jaribio lile na kutoka na neno "sawa". Na kizibo hakijipachiki chenyewe angani.

Nikapiga simu. Meneja ananiita "kapteni wangu" kila sentensi.

"Kapteni wangu, karatasi zako zote ziko sawa."

Nikamwambia karatasi sikuzipandisha futi elfu kumi, nilipandisha ndege na watu ndani. Nikamwomba namba. Kwenye futi 5,000 enkoda ilisoma ngapi? Kwenye 10,000? Sanduku la kupimia lilihakikiwa lini? Kimya, halafu: "Sisi hatutoi vipimo, tunatoa cheti." Halafu ndipo akasema ni kosa dogo, niirudishe ndege watairekebisha bure.

Kosa dogo. Oktoba 2, 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima usiku kwenda Santiago. Iliposafishwa, vitundu vya statiki vilizibwa kwa utepe wa gundi, na hakuna aliyebandua. Marubani wakawa juu ya bahari gizani, altimita inadanganya, spidi inadanganya, wakamuuliza mwongoza ndege wako futi ngapi. Akawasomea 9,700. Namba hiyo ilikuwa inatoka kwenye transponda yao wenyewe, kwenye uongo uleule. Walikuwa karibu wanagusa maji. Watu 70, hakupona hata mmoja. Kipande cha utepe tu.

Na bado sijafika kwenye ELT. Hiki ni kile kitoa ishara cha dharura kinachojiwasha ndege ikianguka. Satelaiti ziliacha kusikiliza megahezi 121.5 tangu Februari 1, 2009, sasa zinasikiliza 406, na uzuri wa 406 ni kwamba ishara inabeba utambulisho wako, ukianza na namba ya nchi. Kenya ni 634. Tanzania ni 674 na 677. Yule mzee ana kipimaji, akakisogeza, kikasoma 634. Ndege yetu ni 5H, usajili wa Tanzania! Waliishusha ELT yetu, wakarudisha nyingine inayofanana nayo, wala hawakuisajili upya. Tungeanguka porini, simu ya kwanza ingepigwa kwa mtu ambaye ndege yake iko hangani salama, naye angejibu kwamba hana shida yoyote. Wakati huo sisi tuko kwenye mbuga tunasubiri fisi. Kuhusu betri yake sitaki hata kuanza. Inabadilishwa nusu ya maisha yake ikiisha, au ikishatumika zaidi ya saa moja kwa jumla, na ile ya kwetu stika yake ya tarehe ilikuwa imekwanguliwa.

Najua kuna watakaokuja na "ndege ndogo hizo, mnaruka kwa macho, transponda ya nini". Wewe unayeandika hivyo hujawahi kuwa angani kati ya Arusha na Serengeti msimu wa wageni. Tena afadhali ungekuwa huna kabisa, mwongoza ndege angejua hakuoni na angekuweka mbali. Transponda inayodanganya inamfanya akuamini. Ikinyamaza bila mtu kujua ni balaa pia: Septemba 29, 2006, Brazil, ndege ya biashara aina ya Legacy iligongana na Boeing 737 kwa sababu, pamoja na mengine, transponda ya Legacy haikuwa inatangaza na TCAS haikuwa na cha kuonya. Watu 154 wa ile Boeing walikufa. Na hapa jirani tu, Machi 5, 2024, Dash 8 ya abiria na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, wawili wa Cessna wakapoteza maisha. Sisemi kilichosababisha ile ni enkoda. Nasema anga letu si tupu kama mnavyodhani.

Utetezi mwingine ninaoujua ni kwamba mafundi wa avioniki ni wachache, vifaa ni ghali, na masanduku yenyewe lazima yapelekwe kuhakikiwa. Ni kweli, nawahurumia. Basi sema "sanduku letu halipo, rudi mwezi ujao". Nitaudhika, nitaegesha ndege, nitalala. Usinipe stika.

Na wenye ndege wenzangu, baadhi yenu ndio mmewalea hawa. Mnapiga simu "nipe stika leo, kesho nina wageni", mnaongeza kitu kidogo, fundi mzuri anayekataa mnamwita msumbufu. Matokeo yake anayepima kweli anakosa kazi.

Ninachokidai ni namba. Cheti kisicho na namba msikilipe. Altimita kwenye usawa wa bahari inaruhusiwa kukosea futi 20, kwenye futi 10,000 ni 80, kwenye 20,000 ni 130, kwa hiyo iandikwe ilikosea ngapi kila hatua. Statiki ivutwe futi 1,000 na iandikwe ilivuja kiasi gani kwa dakika, mwisho ni 100. Masafa ya transponda yaandikwe, 1090 kwa tofauti isiyozidi 3 kwa zile za kawaida. Namba za kiwandani za kila kifaa zipigwe picha kabla ndege haijaingia hangani. Msimbo wa ELT usomwe mbele yako. Fundi aliyefanya kazi anazo hizi namba tayari, hazimgharimu chochote kuziandika.

Kama kuna karakana, iwe Wilson, Dar, Arusha, Entebbe au popote, inayomruhusu mwenye ndege asimame pembeni sanduku likiwa limeunganishwa, iwekeni hapa chini. Wenye picha za madudu kama haya nao waziweke, ila ficheni namba za usajili.

NYONGEZA: Kuna waliouliza kama niliirudisha ndege ili "warekebishe bure". Hapana. Kizibo kilitolewa na yule mzee, enkoda ikaunganishwa, kisha ikapimwa upya sehemu nyingine nikiwa nimesimama pale. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na karatasi niliyopewa ina namba kila mstari. Enkoda yenyewe ni nzima kabisa, kwenye futi 10,000 ilipishana na altimita kwa futi 40. Pesa yetu ya kwanza bado haijarudi, na ELT yetu halisi wanasema "wanaitafuta".