Je, beriliamu-10 inaweza kutuonyesha udongo wa vilima vya Mwanza uliondoka lini?

MwalimuMisungwi:
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninafundisha jiografia wilayani Misungwi, na kila ninapowapeleka wanafunzi kwenye vilima vya mawe tunakuta jambo lile lile: sehemu ya chini ya mwamba, hadi usawa wa magoti, ina ukanda mwekundu wa udongo, ilhali juu yake jiwe limekuwa jeusi kwa ukoga. Wazee wanasema ukanda huo zamani ulikuwa umefukiwa. Nimesoma kwamba isotopi (aina za atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito) zinazoundwa na mionzi ya anga za juu hutumika kupima mmomonyoko wa kale. Je, zinaweza kutuambia udongo huo uliondoka lini, na kama ni kilimo na mifugo yetu vilivyouondoa?

MiambaNyamagana:
Mwalimu, mahali ulipo panafaa sana kwa kipimo hicho, kwa sababu granaiti yetu imejaa kwatsi, yale madini magumu yanayong'aa kama kioo. Chembe za mionzi hiyo zinapogonga oksijeni iliyomo ndani ya kwatsi, baadhi ya atomu hupasuka na kuwa beriliamu-10. Kiasi chake ni kidogo mno: usawa wa bahari, karibu na ncha za dunia, ni takriban atomu 4 kwa gramu kwa mwaka. Hapa kwetu hesabu hurekebishwa, kwa kuwa karibu na ikweta usumaku wa dunia huzuia sehemu ya mionzi, huku mwinuko wa mita 1,134 wa ziwa ukiiongeza.

Mionzi hudhoofika kadiri inavyozama. Kila sentimita 60 hivi za mwamba huipunguza hadi kubaki kama theluthi moja. Kwa hiyo punje ya kwatsi iliyokaribia uso polepole, kadiri mwamba wa juu yake ulivyomomonyoka, hukusanya atomu nyingi, na iliyofichuliwa haraka huwa na chache. Punje husafishwa kwa asidi ya haidrofloriki ili kuondoa beriliamu iliyoletwa na mvua, kisha atomu huhesabiwa kwa mashine ya kuharakisha chembe, ambayo ni ghali.

UdongoNaMaji:
Naongezea jambo ambalo ndilo kiini cha swali la Mwalimu. Beriliamu-10 hutoa wastani wa muda mrefu wa kasi ya mmomonyoko. Tuseme uso wa kilima unashuka kwa milimita 0.03 kwa mwaka: wastani utakaopatikana utahusu miaka 20,000, muda wa kuondoa zile sentimita 60, yaani utajumuisha hata kipindi cha miaka 15,000 na zaidi iliyopita, ziwa lenyewe lilipokauka. Jembe la miaka 60 halitaonekana humo.

Kwa miongo ya karibuni hutumika sesiamu-137, iliyoanguka kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufikia kilele mwaka 1963. Nusu uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 30, na karibu na ikweta ilianguka kidogo, kwa hiyo risasi-210, isotopi ya metali ya risasi ambayo huanguka kila mwaka kwa njia ya asili, ni msaada mkubwa. Zote mbili hushikamana na udongo wa juu na kuondoka nao. Ukilinganisha shamba la luseni (udongo wa kichanga) na kichaka ambacho hakijawahi kulimwa kwenye mteremko wa aina hiyo hiyo, upungufu wa isotopi hizi shambani ndio ushahidi dhidi ya kilimo. Beriliamu inakupa kasi ya asili. Hizi mbili zinakupa kasi ya leo, na jibu lako limo katika tofauti kati yake.

MwalimuMisungwi:
Nashukuru sana. Na ule ukanda wenyewe?

MiambaNyamagana:
Huchukuliwa sampuli kadhaa kwenye ubavu wa jiwe, kutoka kileleni hadi chini ya usawa wa udongo. Kilele kilitokeza kwanza, hivyo tofauti ya atomu kati ya sampuli na sampuli huonyesha udongo ulishuka kwa kasi gani. Hata hivyo, jiwe lililofukiwa kwa kina kifupi nalo hupokea mionzi, na ndiyo sababu sampuli ya chini ya udongo ni ya lazima. Ukanda wa usawa wa magoti, ikiwa ni wa enzi za wazee wetu, ni wa karibuni mno kwa njia hii. Wanafunzi wako waupime kwa futi kamba pande zote za kila jiwe, wakiandika upande wa mteremko na kama chini yake panalimwa au panalishwa ng'ombe. Vipimo hivyo vitamwonyesha mtafiti mawe ya kuanzia.