Nyumba ya bibi Ilala: tunataka bafu la ndani bila kuiharibu. Ushauri wakuu

Mjukuu_Ilala: Wakuu, heshima kwenu. Nyumba ya bibi yangu ni ile ya Kiswahili hasa: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko, stoo na choo cha shimo. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba paka analala dirishani bila kujikunja. Sakafu ni niru nyekundu (saruji laini iliyosuguliwa), bibi ameipiga nta miaka na miaka hadi taa unaiona chini. Sasa ana miaka 81, kuvuka ua usiku na tochi hapana. Fundi wa kwanza kaja, kaangalia dakika tano: tukate chumba cha mwisho, marumaru nyeupe mpaka juu, silingi ya jipsamu na taa za bluu. Bibi akamuuliza, "Mwanangu, hii nyumba au saluni?" Nikampa nauli. Nisaidieni, bajeti si kubwa.

Kisu_Butu: Bandika marumaru tu mkuu, zama hizi nani anapiga nta?

FundiBomba_Temeke: Kisu, tulia. Mkuu, anza na maji machafu, urembo baadaye. Bomba la choo la inchi 4 linataka mteremko, sentimita 2 hivi kila mita. Ukiweka choo mita 10 kutoka kwenye chemba (kishimo cha kukagua bomba la maji machafu), umeshashuka sentimita 20, yaani unavunja korido. Niru ya zamani ukishaivunja hupati rangi ileile, kiraka kitaonekana mpaka kiama. Swali: hiyo stoo ya uani imegusana na nyumba? Kama imegusana, bafu ndilo hilo. Toboa mlango mwisho wa korido, uingie. Vyumba viache vilivyo.

Na lile shimo la zamani usilitegemee kwa choo cha kuvuta maji, litajaa upesi. Chimba karo la maji machafu lenye vyumba viwili na shimo la kunyonya maji.

Mama_Upanga: Mimi yalinikuta. Fundi alibandua chokaa yote bafuni akapiga plasta ya saruji, akaniambia nitazeeka nayo. Haikupita miaka miwili ukuta ukaanza kuota unga mweupe, rangi inabanduka kama ngozi ya samaki. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuziba kwa saruji unyevu hautoki, unapanda juu na chumvi yake. Tuliibandua yote, tukarudishia chokaa. Kwa hiyo ukuta wa zamani upake chokaa, upande huo usiwekwe shawa wala mabomba. Usikubali wauchonge mifereji pia, matumbawe hutoka bonge zima.

Halafu bibi ana miaka 81! Mlango ufungukie nje, maana akianguka nyuma yake mtaufunguaje? Kizingiti kisiwepo. Vyuma vya kushikia viwili, kando ya choo na pa kuogea, vifungwe kwenye tofali zima.

Mjukuu_Ilala: Nimetoka kupima. Stoo imegusana na nyumba, kuta zake tatu ni za tofali, mmoja tu ndio wa mawe. Karo linaweza kukaa mita 4 kutoka hapo. Mama Upanga, Mungu akuweke. Sakafu je? Bibi anataka nyekundu.

FundiBomba_Temeke: Mpe nyekundu. Tafuta fundi mzee anayejua kuchanganya oksaidi (unga wa rangi) kwenye niru. Lakini pa kuogea isisuguliwe ikang'aa, ipitishwe ufagio laini ingali mbichi, na nta isifike huko kabisa, atateleza. Marumaru weka kwenye tofali tu, kimo cha bega, nyeupe ndogo zisizo na maua. Yale matofali ya matundu ya juu usiyazibe, ndiyo yanatoa joto na harufu. Na kama mgao wa maji ukija mnatumia kisima cha chumvi, koki za bei rahisi zinazong'aa zitaoza mapema, nunua za shaba.

Kisu_Butu: Haya, nimeelewa. Taa za bluu je? 😂

Mjukuu_Ilala: Kisu, njoo umwambie bibi mwenyewe. Kakubali yote, shawa pia, ila ndoo na kata vibaki.

FundiBomba_Temeke: Basi bomba la ndoo liwe sentimita 60 kutoka sakafuni, ndoo ya lita 20 ipite chini yake bila kuinamishwa. Na umwekee kigoda cha saruji cha kukalia, kijengwe pamoja na sakafu.