Lambo la Kwimba: unyevu chini ya tuta na viroba kwenye utoro wa maji

mlinzi_lambo
Wakuu, habari za leo. Nauliza kwa niaba ya kamati ya lambo la kijiji, wilaya ya Kwimba. Tuta ni la udongo, kimo mita 5 pale bondeni, urefu mita 160, juu upana mita 3. Utoro wa maji (njia ya kutolea maji ya ziada lambo likijaa) una upana wa mita 10, na kutoka sakafu yake hadi juu ya tuta iliachwa mita 1. Wananchi wameuziba utoro kwa viroba vya mchanga mistari miwili, kama sentimita 40, ili maji ya mifugo yafike Septemba. Mvua za vuli zimejaza hadi kwenye viroba. Sasa upande wa nje, chini kabisa ya tuta, pana unyevu eneo la kama mita 4 na maji yanachirizika. Ng'ombe nao wanakatiza juu ya tuta. Kabla ya masika tukague nini wenyewe, na lipi ni la mhandisi?

fundi_tuta
Mkuu, unyevu ndio unaowatisha, lakini viroba ni hatari zaidi. Tuta la udongo likipitiwa na maji kwa juu halidumu, linakatika kwa saa chache.

Piga hesabu: uwezo wa utoro mpana wa namna hiyo ni takriban 1.7 × upana × kina × kipeuo cha pili cha kina. Kwenye ile mita 1, acha sentimita 20 za mawimbi, kina kinabaki 0.8. Utoro unapitisha kama mita za ujazo 12 kwa sekunde. Weka viroba vya sentimita 40, kina kinakuwa 0.4, uwezo unashuka hadi 4.3. Mmepunguza kina nusu, uwezo umebaki theluthi moja tu! Na msitegemee mafuriko yavisombe. Vikiachia kwa mkupuo maji yanachimba sakafu ya utoro na kuanza kula bega la tuta.

Toeni mstari wa juu kwanza, maji yashuke, kesho yake mstari wa chini. Msiyashushe ghafla, maana uso wa ndani bado umelowa na unaweza kuporomoka. Mtu asisimame ndani ya utoro maji yakipita. Mnaotaka maji zaidi, ondoeni tope lambo likikauka, ila msichimbe karibu na mguu wa tuta kwa ndani, msije mkatoboa tabaka la mfinyanzi linalozuia maji kupita chini.

Unyevu sasa. Karibu kila tuta la udongo huvuja kidogo. Cha kuangalia ni rangi ya maji na kama yanaongezeka. Chimbeni kamfereji kadogo nje ya tuta, bila kugusa mguu wake, mwisho wake wekeni kipande cha bomba, kingeni ndoo ya lita 20 na muhesabu sekunde. Jazeni pia chupa angavu, ilale usiku kucha: tope likituama chini, tuta linaliwa kutoka ndani. Andikeni tarehe, sekunde na usawa wa maji lamboni, kwa sababu kipimo bila usawa wa maji hakisemi kitu.

Msizibe kwa udongo panapotokea! Maji yatatafuta njia nyingine, mbaya zaidi. Yakianza kutoka na tope, funikeni kwa mchanga mnene msafi, juu yake kokoto, juu yake mawe: maji yapite, udongo ubaki. Hapo punguzeni maji ya lambo, waiteni wataalamu siku hiyohiyo, na walio bondeni wahame.

udongo_mweusi
Naongeza la udongo. Kata kidonge cha udongo wa tuta, ukubwa wa punje ya hindi, kitumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Kikibomoka tu na maji yakabaki angavu, si vibaya. Likitokea wingu kama maji ya unga ndani ya dakika kumi hadi saa moja, udongo huo unajiyeyusha wenyewe, na ufa mdogo unaweza kugeuka bomba. Lisipotokea wingu bado si hakikisho, maabara ndiyo yenye neno la mwisho.

Udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi. Ufa unaokwenda na urefu wa tuta ufuatilieni. Unaokata tuta kutoka ndani kwenda nje ni wa mhandisi, hata ukiwa mwembamba, kwa kuwa maji yanapita moja kwa moja.

Pimeni pia usawa wa juu ya tuta kwa mpira wa levo, ule wa mafundi ujenzi. Njia ya ng'ombe hushuka kila mwaka bila mtu kuona. Angalieni vichuguu, mashimo ya kenge na miti: mzizi ukioza huacha tundu. Vichaka vidogo kateni, mti mkubwa msiung'oe lambo likiwa limejaa.

mlinzi_lambo
Asanteni. Tumepima: ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 50, chupa haina tope. Kidonge kimetoa wingu ndani ya dakika kumi. Pale wanapokatiza ng'ombe tuta limeshuka sentimita 30.

fundi_tuta
Basi ile mita 1 haipo. Ni sentimita 70, toa 40 za viroba, zimebaki 30, na mawimbi hayajahesabiwa. Uwezo hapo haufiki hata mita za ujazo 3. Viroba vianze kutoka leo.

Njia ya ng'ombe fungeni kwa miiba leo, kisha pandeni minyaa, mifugo ipitie chini kwenye mbauti (birika la kunyweshea). Pale tuta liliposhuka kwanguani majani, parueni udongo wa zamani, jazeni tabaka za sentimita 15 zenye unyevu kiasi cha kufinyangika bila kunata mkononi, shindilieni kila tabaka. Msitumie udongo mweusi. Malizeni juu kidogo ya usawa, maana utatitia, kisha ukoka.

Mvujo ni lita 0.4 kwa sekunde, na maji ni safi. Ila kwa kidonge kile, chupa ijazwe kila siku hadi masika yaishe. Na mwandikieni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ofisi iko Mwanza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inagusa na usalama wa mabwawa. Kwenye barua tajeni kaya, barabara na shule zilizo bondeni, kwa sababu hatari ya bwawa hupimwa kwa walio chini yake kuliko kwa ukubwa wa tuta. Bwawa la Solai kule Nakuru lilikuwa la udongo, la shambani, na lilipopasuka Mei 2018 lilipoteza watu zaidi ya 40.

Tuma kipimo cha Jumamosi, pamoja na usawa wa maji.