Mdogo wangu anaelewa Kijerumani, programu inamfelisha Kiingereza!

Wakuu, hii hasira nimekaa nayo tangu Jumapili, leo naimwaga.

Mdogo wangu wa kike anataka kwenda kusomea uuguzi Ujerumani, ametakiwa Kijerumani chake kifikie ngazi ya B1. Nikamlipia programu ya simu ya mwaka mzima, 95,000. Jumapili usiku nimekaa naye, ikaja sentensi: "Die Frau isst einen Apfel." Papo hapo akaniambia, mwanamke anakula tofaa. Kumbe jibu linatakiwa kwa Kiingereza. Akaandika "Woman is eating apple". Nyekundu! Eti kasahau "the" na "an". Rudia somo. Mara ya tatu akazima simu, akaniambia, "Kaka, labda hii lugha siiwezi."

Lugha gani asiyoiweza, jamani? Kijerumani kakielewa!

Mtihani wa B1 wa Goethe, ile taasisi ya Kijerumani, una kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu unatakiwa upate 60 kati ya 100. Hakuna sehemu hata moja inayomdai mtu Kiingereza. Sasa kwa nini alipie kufelishwa kwa kitu ambacho hatakiwi kukifanyia mtihani?

Na Kiswahili kingemrahisishia kazi! "Du" ni wewe, "ihr" ni ninyi, kwisha habari. Kwa Kiingereza wote hao ni "you", ndiyo maana anazungushwa kwa maelezo marefu. Ein guter Mann, eine gute Frau, ein gutes Kind (mwanamume mzuri, mwanamke mzuri, mtoto mzuri): neno la sifa linabadilika kulingana na jina lake. Mtoto wetu wa chekechea anasema mtu mzuri, kitu kizuri, mti mzuri, na hakuna aliyemkalisha kumfundisha.

Nimewaandikia wenye programu waweke maelezo ya Kiswahili, wakanijibu nichague lugha nyingine ya kufundishiwa kwenye orodha. Nimeipekua yote. Kihungari kipo, na Hungaria nzima haifiki watu milioni 10. Kiswahili, ambacho UNESCO wanasema kina wasemaji zaidi ya milioni 200, hakipo. Lakini kama ni Mzungu anakuja Zanzibar wiki mbili, kozi ya Kiswahili kaandaliwa, tena kwa Kiingereza chake. Sisi tunaotafuta maisha ndio tuzungukie uani!

Nimedai hela yangu, leo siku ya nne kimya. Mwenye masomo ya Kijerumani yaliyoelezwa kwa Kiswahili, yawe ya sauti au maandishi, naomba ayaweke hapa. Binti ana mtihani Machi.